Mezea, Lakini Unammezea Nani?

Kitenzi kinachofanya kazi ngumu zaidi Kangemi si kulipa wala kupenda wala kuomba. Ni kumezea. Makanga akikunyima chenji yako ya shilingi ishirini pale steji, msee aliyekaa kando yako atakwambia, "Mezea, buda." Maji yakikosa wiki mzima halafu mwenye mkokoteni akapandisha bei ya mtungi, jirani atasema wacha tu, mezea. Demu akisoma ujumbe wako asikujibu, mezea. Ukikutana na polisi usiku, kosa lako likiwa ni kutembea, akakutoa mia mbili, unamezea haraka na unashukuru juu yake.

Neno moja kwa hayo yote. Mtu wa nje angedhani ni neno jepesi, kama vile "pole" tunavyoitumia kwa msiba na kwa mtu aliyejikwaa. Mimi naona ni kati ya maneno yaliyoundwa kwa akili nyingi kabisa katika Kiswahili cha Nairobi, na pia ni kati ya yale tunayoyatumia vibaya. Kuuza maneno ndiyo kazi yangu, kwa hivyo nikaona nilifungue hili nione ndani kuna nini. Niliacha chuo mwaka wa tatu. Chukua uchambuzi huu kama wa mtu aliyesoma nusu ya kozi darasani na nusu nyingine kwenye matatu.

Tuanze na shina. Kumeza ni neno kongwe. Wachewa wa Malawi wanasema kumeza vilevile, Washona wanasema kumedza, Waganda okumira, na Wakikuyu, ambao ukivuka tu kutoka hapa kuelekea Kabete unaingia kwao, wanasema kũmeria. Haya maneno hayakuazimana. Ni watoto wa mama mmoja wa Kibantu, na mama huyo ni mzee kuliko mji wowote wa pwani. Ile meza nyingine, ya mbao, haina uhusiano na hii. Ilikuja na Wareno, kwao ni mesa. Ingawa ukiishi Kenya muda wa kutosha unaanza kuamini kwamba wanaomeza sana hupitia chini ya meza kwanza.

Sasa ongeza herufi moja. Meza, mezea. Waliokaa darasa la Kiswahili wanakumbuka ile mnyambuliko tuliyoimba kama wimbo wa kanisa: pika, pikia, pikwa, pikiana. Mezea iko katika kauli ya kutendea, na kauli hii ina tabia moja isiyobadilika: lazima kuwe na mwingine. Ukisema "ninapika" umemaliza. Ukisema "ninapikia" nitasubiri uniambie unampikia nani, ama unapikia wapi, ama kwa kifaa gani. Kauli ya kutendea ni mlango ulioachwa wazi. Kuna mtu anatarajiwa aingie.

Ndiyo maana "mezea" ni neno la ajabu. Tunalisema bila kumtaja huyo mtu. "Mezea tu." Mlango umeachwa wazi na hakuna anayeuliza nani atapita.

Mate yalikuwepo zamani. Kiswahili sanifu kina msemo wa kumezea mate, maana yake kutamani kitu usichokipata, au ambacho hujakipata bado. Fikiria picha yenyewe. Nyama choma iko kwenye jiko, wewe huna pesa, mdomo umejaa maji. Huwezi kuyatema mbele za watu, kwa hivyo unayameza. Unayamezea ile nyama. Mwili umejiandaa kula, na kula hakupo, basi unakula maandalizi yenyewe. Sijui lugha iliyoeleza njaa ya mtu mwenye adabu vizuri kuliko hapo.

Sheng ikachukua msemo huo na kuyaondoa mate. Ikabaki mezea peke yake, na maana ikahama kutoka kutamani hadi kuachilia. Lakini haikuhama yote. Bado mtaani ukisikia "huyo jamaa anamezea dada yako," unajua ni tamaa inayosemwa. Na ukisikia "nilimezea," unajua kuna kitu mtu alikiacha kipite. Kutaka na kuacha, kitenzi kimoja. Kwa mgeni ni mkanganyiko. Kwa anayeishi hapa ni sahihi kabisa, kwa sababu hakuna mtu anayemezea kitu asichokitaka. Ile chenji ya ishirini uliitaka. Yale majibu ya ujumbe uliyataka. Kilichozuiwa ni mdomo. Tamaa iko palepale.

Hapo ndipo mezea inaachana na kusamehe. Kusamehe tulikupata kwa Waarabu, na ndani yake mna kuachilia kwa ukarimu: deni linafutwa, mtu anaenda zake. Mezea haifuti chochote. Kilichomezwa kimetoka mdomoni tu, kimeingia tumboni. Mtu anayekwambia "mezea" hakuombi usamehe. Anakuomba usifungue mdomo. Hizo ni kazi mbili tofauti, na tumezichanganya mpaka watu wanashangaa kwa nini jirani aliyemezea mambo miaka kumi alilipuka siku moja kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo.

Kitenzi hiki kina ndugu yake ambaye anapaswa kutuhofisha. Kunywa, ukikipeleka kwenye kauli ileile, unapata kunywea. Na kunywea, mbali na kunywea chai kwenye kikombe, ni kusinyaa, kujikunja, kuishiwa ujasiri: mtu alinywea kama kuku aliyenyeshewa. Sisemi kwamba waliounda maneno haya walikaa kikao. Ila koo ni lilelile, kauli ni ileile, na yote mawili yanaishia kwa mtu aliyekuwa mkubwa na sasa ni mdogo kidogo. Ukimezea mara nyingi sana, je, utabaki umemezea ama utakuwa umenywea? Hilo ni swali la sarufi, na nadhani pia ni swali la daktari.

Kiswahili hakikosi vitenzi vingine vya kujizuia, na kila kimoja kina mwili wake. Kujizuia chenyewe kina ile -ji- ambayo inakufanya uwe askari na mshukiwa kwa wakati mmoja. Ni kitenzi cha ofisini, cha mabango: "wananchi wanaombwa kujizuia." Kusubiri kilitoka kwenye sabr ya Kiarabu, ambayo ni uvumilivu wenye uzito wa dini. Sisi tukabakisha uzito huo kwenye subira, kitenzi tukakitumia kwa foleni ya benki. Nasubiri matatu. Nasubiri tokeni za stima. Imani nzima imegeuka kuwa kukaa kwenye benchi.

Ninachokipenda ni kustahimili. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa kubeba mzigo, na ni mzizi uleule uliotupa hamali. Ukipita Marikiti asubuhi na mapema, ukamwona yule jamaa aliyeinama chini ya gunia la viazi akipiga mluzi watu wampishe, umemwona mstahimilivu kwa maana ya asili kabisa. Na hamali ana kitu ambacho mwenye kumezea hana: mzigo wake unaonekana. Watu wanampisha. Akifika anautua, analipwa. Mzigo wa aliyemezea uko ndani, hakuna wa kumpisha.

Mbona basi kujizuia kunasifiwa hivi? Kuna methali ya zamani isemayo kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Kondoo hapigi kelele akichinjwa, na ukimya huo ukafanywa alama ya heshima. Nimeisikia ikitumiwa kumnyamazisha mjane aliyeuliza kuhusu shamba la mumewe. Lakini sikiliza lile neno la mwisho. Muungwana katika miji ya pwani ya zamani hakuwa tu mtu mpole. Alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Uungwana wa kunyamaza ulikuwa wa mtu ambaye angeweza kupiga kelele na akasikizwa, kisha akachagua kutopiga. Mtumwa aliyenyamaza hakuna aliyemwita muungwana kwa sababu hiyo. Aliitwa mtumwa. Kwa hiyo methali ile, ukiirudisha kwao, inahusu uchaguzi. Tukiichukua na kumpa mtu asiye na uchaguzi, tunamwibia mara mbili.

Fasihi yetu imelijua jambo hili muda mrefu. Chukua utendi wa Mwana Kupona, ule aliomwandikia binti yake Mwana Hashima mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Ni shairi la kujizuia kutoka mwanzo hadi mwisho: mke ampendeze mumewe, asimjibu, achunge ulimi, achunge mwenendo. Nilipolisoma chuoni darasa liligawanyika. Wasichana wengi walikasirika, wavulana wengi walikubali kwa haraka ya kutia shaka. Kitu ambacho hakuna aliyekitaja siku hiyo ni mume mwenyewe alikuwa nani. Alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, ambaye kwa miaka mingi alikataa kuinamia jeshi la Sayyid Said wa Zanzibar. Ndani ya nyumba moja, basi, mume anasifiwa kwa kukataa kumeza na mke anafundisha binti namna ya kumeza. Nyumba ileile, koo mbili, kanuni mbili.

Sitaki kumdharau Mwana Kupona. Mwanamke aliyeandika beti zaidi ya mia moja akaacha na jina lake ndani hakuwa mtu wa kunywea. Wapo wanaosoma ushauri wake kama ramani ya hatari, mama anayemwonyesha binti mahali mashimo yalipo, na usomaji huo una nguvu. Ninachosema ni kwamba kujizuia hakujawahi kugawanywa sawa. Ukitaka kujua nani ana nguvu kwenye chumba, angalia nani anaambiwa amezee.

Sisi tuliomaliza kidato cha nne kati ya 2018 na 2022 tulipewa mfano mwingine, na tuliukariri kwa ajili ya mtihani bila kuuonja. "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, ile hadithi iliyobeba jina la diwani nzima. Unakumbuka? Mtaa wa Madongoporomoka, watu wa hali ya chini, ardhi iliyo karibu na mji mkubwa. Mzee Mago anawaambia wenzake wasikubali kung'olewa. Halafu linakuja lile jitu mkahawani, linaagiza chakula chote kilichopikwa, linakila chote, watu wamesimama wanaangalia. Baadaye yanakuja matingatinga.

Mtihani ulituuliza jitu linawakilisha nini, tukajibu: matajiri wenye tamaa, alama mbili. Sawa. Lakini isome tena ukiwa na kitenzi chetu mkononi, uone mwandishi alivyopanga lile tukio la mkahawani. Jitu linameza. Wateja wanamezea. Ndiyo, wanamezea mate hasa, chakula ni chao na kinapita mbele yao, na wanamezea kwa ile maana ya mtaani pia, wanaacha ipite. Tofauti kati ya jitu na watu ni herufi moja, ile e. Wakenya tumezoea kusema viongozi "wanakula." Tunasema hata kwa kicheko, kwamba sasa ni zamu ya fulani kula. Ila hatumalizii sentensi. Kila anayemeza anahitaji wengi wa kumezea, la sivyo chakula hakimtoshi. Na sababu ya hadithi ile kubaki kichwani mwangu ni kwamba watu wa Madongoporomoka hawaishii pale mkahawani. Wanabomolewa na bado vibanda vinaanza kuota tena. Said Ahmed Mohamed hakuwapa hotuba ya ushindi. Aliwapa nyundo na mabati, na mimi naona hiyo inatosha.

Kuna wakati ninajiuliza kama yule aliyechagua kitabu hicho kiwe cha kutahiniwa alijua anaachilia nini kwenye madarasa ya nchi. Wanafunzi waliokariri "maudhui ya ukombozi" kwa ajili ya alama ishirini ndio haohao waliofika barabarani Juni 2024.

Kabla ya huko, nimtaje Abdilatif Abdalla, kwa sababu yeye ana kitenzi cha kujibu chetu. Mwaka 1968 aliandika kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi, akafungwa miaka mitatu. Gerezani akaandika mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki, iliyochapishwa 1973, na mwaka uliofuata ikapata tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Ukitaka kuona nchi ikijaribu kumeza mtu kisha ikajifanya inambusu, tazama hapo. Shairi moja humo linaitwa "Siwati." Ni Kimvita: kuwata ni kuacha. Siachi. Sipigi hatua nyuma kwenye nilichokisema.

Kinachonigusa ni kwamba kichwa hicho ni neno moja, la wakati uliopo, katika nafsi ya kwanza, na kinakanusha. Hakuna "wewe" ndani. Hakimwamrishi mtu yeyote. Sasa angalia mezea tunavyoisema: karibu kila mara ni amri, karibu kila mara ni kwa nafsi ya pili. Ukiitega sikio siku nzima kutoka sokoni hadi steji utagundua watu wachache mno husema "namezea." Husema "mezea." Na anayeisema kwa kawaida hajapoteza chochote. Makanga mwenyewe ataisema akiwa na ishirini yako mfukoni.

Mwaka 2013, Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wa uchaguzi, nchi nzima ilifundishwa kukubali na kusonga mbele. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka wazee walivyoirudia kwenye kibanda cha chai, wengine kwa hasira, wengine kwa dharau kwa wenye hasira. Hiyo ilikuwa mezea iliyovaa suti. Ukimwambia aliyeshindwa "kubali," unaweza kuwa na haki ya kisheria. Ukimwambia kwa kicheko, umekuwa makanga.

Mimi nimeambiwa mezea na watu waliovaa vizuri. Chuoni alama zangu za masomo mawili zilipotea, zikapotea muhula mzima, na kila ofisi niliyoingia ilinituma kwa nyingine. Karo nayo ikawa inaongezeka kama haijui kwamba mimi siongezeki. Mhadhiri mmoja, mtu mwema kabisa, aliniambia rudia tu hayo masomo, usipigane na mfumo. Alimaanisha mema. Sasa ninaandikia watu, na kuna mteja ambaye ananidai subira tangu Februari kwa kazi aliyoichapisha tayari. Nikimpigia ananiita "kijana wangu." Hakuna anayeniita kijana wake akiwa na pesa yangu ila nijue nimeombwa kumezea.

Najua utasema: kwani mtu apigane kila siku? Hapana. Nairobi ingekuwa haikaliki. Ukiishi vyumba kumi na viwili kwenye korido moja, choo kimoja, mfereji mmoja, bila kumezea hamtamaliza wiki. Redio ya jirani, mtoto wake anayelia saa nane usiku, mafuta yake ya samaki yanayoingia kwenye nguo zako. Hapa kumezea ni ustadi, tena wa hali ya juu, na watu wa Loresho waliotengana kwa ua na mbwa hawana. Kangemi imejibana kati ya Loresho, Mountain View na Lavington, na Kawangware ng'ambo ya bonde. Ile barabara ya juu inayotoka Mlolongo inateremka James Gichuru kabla haijatufikia. Tumezoea kuishi pale ambapo vitu vinaishia. Kumezeana kati yetu ndiko kunakofanya mahali hapa pawe mtaa badala ya msongamano.

Angalia nilivyoliandika: kumezeana. Ukiweka -na ya kutendana, neno linapata haki. Mimi nakumezea, wewe unanimezea. Redio yangu leo, mtoto wako kesho. Ule mlango wa kauli ya kutendea hatimaye una mtu, na anarudisha.

Shida ni pale inapokwenda njia moja. Tarehe 27 Novemba 2015 Papa Fransisko alikuja hapa Kangemi, parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Wengi tulitarajia baraka na tulipata baraka, lakini pia alikaa kwenye mambo ya maji, akasema maji safi ni haki ya kila mtu, na akawataja wale wawekezaji wasio na sura wanaohodhi ardhi na hata kutaka viwanja vya kuchezea vya watoto wa shule. Januari ya mwaka huohuo watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walikuwa wamerushiwa vitoa machozi kwa kuandamana juu ya ukuta uliojengwa kwenye uwanja wao. Watoto wa shule ya msingi, fikiria. Hawakuwa wamefundishwa kumezea bado. Mgeni kutoka Roma alisimama kwetu akayasema yale ambayo sisi tulikuwa tunaambiana tuyameze. Mtaa ukapiga makofi, mitungi ya maji ikaendelea kuuzwa.

Halafu Juni 2024. Mswada wa Fedha, barabara zikajaa, tarehe 25 waandamanaji wakaingia Bunge, risasi zikapigwa, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 39 waliokufa kufikia mwanzoni mwa Julai. Mwaka uliofuata, siku ya Saba Saba, barabara za kuingia mjini zilifungwa, kwa hivyo maandamano yakabaki mitaani, na Kangemi ikawa mojawapo ya sehemu ambako polisi waliwafyatulia watu risasi, pale Waiyaki Way. Watu walikufa. Siku hiyo nchini walikufa zaidi ya 30. Barabara yenyewe inabeba jina la Waiyaki wa Hinga, aliyekamatwa na Waingereza mwaka 1892 akapelekwa pwani, akafia Kibwezi njiani. Kufia: kauli ileile ya kutendea.

Wiki ile niliisikia mezea kwa sauti nisiyowahi kuisikia. Mzee mmoja kwenye kinyozi alimwambia kijana aliyekuwa na bandeji mkononi, "Sasa mezea, mwanangu, uishi." Kijana hakubishana, alimheshimu mzee. Aliuliza tu, polepole, akiangalia kioo, "Nimmezee nani, mzee?" Kinyozi akazima mashine. Hakuna aliyejibu. Sidhani kama yule kijana alijua kwamba ameirudishia kauli ya kutendea kijalizo chake, lakini alifanya hivyo, na ni uchambuzi bora wa neno hili kuliko wangu.

Kwa sababu wakati mwingine jibu lipo. Mama anayeuza mboga kwenye kona yetu ana daftari la kurasa za mistari lililochanika pembeni. Humo kuna majina ya nusu ya ploti: sukuma ya thelathini, nyanya za hamsini, vitunguu. Mwezi nilioumwa nilikula kwake wiki mbili kwa ahadi. Nilipopata pesa nikaenda kulipa, akafungua daftari, akapitisha kidole chini mpaka kwenye jina langu, na kulikuwa na msitari umepigwa juu yake kwa kalamu nyekundu.

"Hiyo nilikumezea," akasema. "Leo unabeba ya ngapi?"